W.O. Bentley na kompreseri aliyoikataa

Jina Bentley linajulikana Himbi. Vijana wanaopenda magari wanalitazama kwenye simu, na ukiwauliza watakuambia ni gari la wafalme, la wachezaji mpira, la watu wenye feza isiyohesabiwa. Wachache wanajua kwamba Bentley alikuwa mtu, fundi wa mikono, aliyeanza kazi kwa kusukuma makaa ndani ya moto wa treni. Wachache zaidi wanajua kwamba gari lililobeba jina lake mbali kupita mengine yote, lile lenye kompreseri mbele, yeye mwenyewe hakulitaka hata siku moja.

Leo tunasimulia maisha yake juu ya sababu mbili. Ya kwanza: swali lililomsumbua maisha yake yote ni swali la kila mtu mwenye moteri, iwe ya moto, ya gari, ya grupu ao ya pompe inayotoa maji shimoni. Feza iko kidogo. Nguvu zaidi nitaipata wapi? Ya pili: feza iliyobeba kampuni yake kwa miaka mitano ilitoka katika mashimo ya almasi ya Afrika. Sisi watu wa familia za wachimbaji hatuwezi kusoma maisha hayo kama habari ya mbali.

Mtoto wa tisa

Walter Owen Bentley alizaliwa London tarehe 16 Septemba 1888. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto tisa. Watu walimwita kwa herufi mbili tu, W.O., na jina hilo lilimfuata mpaka uzeeni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipenda mashine, na mashine iliyotawala dunia wakati ule ilikuwa treni.

Alipofikisha miaka 16 alikwenda Doncaster, kwenye karakana kubwa ya kampuni ya reli iliyoitwa Great Northern. Baba yake alilipa pauni 75 ili mtoto afundishwe kazi. Huko W.O. alijifunza kuyeyusha chuma, kukikata, kukiunga, kufungua moteri ya mvuke na kuirudisha. Mwishoni alipanda juu ya treni yenyewe kama msaidizi wa dereva, na kazi ya msaidizi ilikuwa beleshi. Safari moja ya siku nzima ilikula tani nyingi za makaa, na zote zilipita mikononi mwake. Msomaji aliyewahi kushinda na beleshi toka asubuhi mpaka jioni anajua mgongo unasema nini usiku.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo moja ambalo hakulisahau. Ukitupa makaa ovyo, moshi unakuwa mwingi na nguvu inakuwa kidogo. Ukiyatandaza vizuri na kuacha hewa ipite, makaa yale yale yanatoa nguvu zaidi. Hesabu yake yote ya baadaye ilianzia hapo: kabla ya kununua nguvu mpya, angalia ile unayoipoteza.

Lakini reli haikulipa vizuri, na W.O. alikuwa ameshaanza kupenda pikipiki. Alishindana nazo, hata kwenye mashindano makubwa ya kisiwa cha Man mwaka wa 1909 na 1910. Mwaka wa 1910 akaingia kampuni ya teksi ya London. Hapo alipewa teksi 250 za aina ya Unic, gari la Kifaransa, azichunge zisisimame. Teksi haitafuti sifa. Inatafuta kutembea leo, kesho na kesho kutwa, bila kula mafuta mengi. Kwa fundi kijana, ile ilikuwa shule nzuri kupita mashindano.

Pistoni juu ya meza

Mwaka wa 1912, W.O. na kaka yake walinunua duka dogo lililouza magari ya Kifaransa yanayoitwa DFP. Yalikuwa magari ya kawaida, ya lita mbili, yasiyo na haraka. Kuyauza London kulikuwa kugumu juu hakuna aliyeyajua. Njia moja tu ya kuyatangaza bila feza ilikuwa kushinda mashindano. Na ili kushinda, DFP lilihitaji nguvu ambayo kiwanda hakikuwa kimeipa.

Mwaka wa 1913 W.O. alikwenda Ufaransa kuona wenye kiwanda. Juu ya meza ya ofisi kulikuwa na pistoni ndogo ya aliminiamu, imewekwa pale kama pambo la kuzuia karatasi zisiruke. Wengine waliingia na kutoka wakaiona kama kitu cha kuchezea. W.O. aliishika, akaona vile ilivyo nyepesi, akajiuliza swali moja: kwa nini hii haiko ndani ya moteri?

Tueleze kidogo. Pistoni ni kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Kinafika juu, kinasimama, kinarudi chini, kinasimama tena, maelfu ya mara kwa dakika. Wakati ule pistoni zilikuwa za chuma. Kitu kizito kikikimbia namna hiyo, kukisimamisha na kukirudisha kunakula nguvu, na moteri ikijaribu kuzunguka upesi zaidi inajivunja yenyewe. Aliminiamu ni nyepesi, halafu inatoa joto upesi. Tatizo ni kwamba ikiwa peke yake ni laini, na watu waliogopa itayeyuka.

Dawa ilikuwa kuichanganya na shaba. W.O. na watu wa kiwanda walifika kwenye mchanganyiko wa aliminiamu 88 kwa mia na shaba 12 kwa mia. Shaba hiyo, madini ambayo ndugu zetu wa Kolwezi na Likasi wanaitoa mpaka leo, ndiyo iliyoipa pistoni nyepesi mifupa ya kuvumilia moto. Zilipoingia ndani ya DFP, moteri ilizunguka upesi kupita zamani bila kuvunjika, na lile gari dogo lisilo na jina likaanza kuchukua rekodi mbele ya magari makubwa. Mwaka wa 1914 W.O. alilipeleka kisiwa cha Man, kwenye mashindano ya magari makali, akamaliza wa sita.

Hakununua moteri mpya. Hakuongeza silinda. Alibadilisha vipande vichache, kwa sababu alielewa nguvu ilikuwa inapotelea wapi.

Vita

Mwezi wa nane 1914 vita vikuu vilianza. W.O. alikuwa na siri ambayo wapinzani wake wa biashara wangeitoa kwa feza nyingi. Aliichukua mpaka kwa wakubwa wa jeshi la maji, akaeleza pistoni zake, na jeshi likamtuma kwa wenye viwanda vya moteri za ndege awafundishe. Hata Rolls-Royce walimpokea na kumsikiliza. Tukumbuke jina hilo, litarudi.

Baadaye walimpa kazi ngumu zaidi. Ndege nyingi za Waingereza zilitumia moteri ya Kifaransa inayoitwa Clerget. Silinda zake zilipata joto upande mmoja, zikapinda, moteri ikafia angani pamoja na rubani. W.O. alitengeneza nyingine, yenye silinda za aliminiamu zilizovikwa chuma ndani. Ikaitwa BR1. Ilitoa farasi 150 mahali ambapo Clerget ilitoa 130, iliharibika mara chache, na bei yake ilikuwa chini. Iliwekwa kwenye ndege ya vita iliyoitwa Camel. Kwa mara ya pili alikuwa ametoa nguvu zaidi kwa feza kidogo, na safari hii maisha ya watu yalikuwa ndani ya hesabu.

Vita vilipoisha serikali ilimpa nishani na pauni 8,000. Mwaka huo huo wa 1919 mke wake wa kwanza, Léonie, yule aliyeketi kando yake katika mashindano ya DFP, alikufa kwa homa kubwa iliyopita dunia nzima. W.O. alikuwa na miaka 30. Alichukua feza ile na huzuni ile akaingia kazini.

Mawe ya Le Mans

Moteri ya kwanza ya Bentley iliwaka mwezi wa kumi 1919, ndani ya karakana ndogo katikati ya London. Ilikuwa ya lita tatu, silinda nne, na kila silinda ilikuwa na valvu nne na buji mbili. Gari la kwanza lilifika kwa mnunuzi mwaka wa 1921. W.O. alitoa garanti ya miaka mitano kwenye shasi, jambo ambalo wenye viwanda wengine waliliona kama wazimu.

Mwaka wa 1923 Wafaransa walianzisha mashindano ya saa 24 kule Le Mans. Mteja mmoja, John Duff, akaingiza Bentley yake mwenyewe. W.O. alidhani hakuna gari litakalomaliza, akaenda kutazama bila kupenda. Barabara ilikuwa ya vumbi na mawe, sawa na hizi zetu zinazopanda Masisi. Jiwe moja lilivunja taa. Jingine lilitoboa tanki, mafuta yakamwagika, gari likasimama mbali. Duff alirudi kwa miguu akikimbia. Mwenzake Frank Clement alichukua baiskeli na mafuta mgongoni, akafika, akaziba tundu, akaendelea. Walimaliza wa nne.

Mwaka uliofuata walirudi. Nini kilibadilika? Freni sasa zilikuwa kwenye magurudumu yote manne. Mwaka uliopita gari lilikuwa na freni za nyuma tu. Taa ziliwekewa wavu. Tanki likakingwa na mawe. Mambo ya feza kidogo yote. Duff na Clement walishinda mashindano ya 1924.

Kijana akiwa na dola mia mbili na gari lake la mitumba, mara nyingi anazipeleka kwenye eshapema ya kelele. Watu wa Le Mans walizipeleka kwenye freni na wavu wa taa. Gari linalosimama vizuri linaweza kukimbia zaidi kabla ya kona, na gari lisilotobolewa tanki linamaliza safari.

Feza ya Kimberley

Kushinda kulileta sifa, ila sifa haikulipa mishahara. Bentley Motors ilikosa feza karibu kila mwaka. Mwaka wa 1926 alikuja mwokozi: Woolf Barnato, kijana tajiri, dereva hodari sana. Aliweka feza yake, akawa mkubwa wa kampuni. W.O. akabaki kufanya kazi ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Feza ya Barnato ilitoka wapi? Baba yake, Barney Barnato, alikuwa mtoto wa mtaa maskini wa London aliyekwenda Kimberley, Afrika ya Kusini, mwaka wa 1873. Alinunua almasi, akanunua mashimo, akakusanya mashimo ya wengine, mpaka mwaka wa 1888 akaunganisha mali yake na ya Cecil Rhodes katika De Beers. Alikufa baharini mwaka wa 1897, mtoto wake akiwa bado hajafikisha miaka miwili. Almasi zile zilitolewa ardhini na Waafrika waliofungiwa kambini kwa miezi, wakipekuliwa kabla ya kutoka ili wasibebe hata jiwe moja. Majina yao hayakuandikwa kwenye gari lolote.

Kwa hiyo, tukiona picha za Bentley zikishinda Le Mans mwaka wa 1927, 1928, 1929 na 1930, tunatazama pia jasho la Kimberley. Barnato mwenyewe alishinda mara tatu mfululizo, 1928 mpaka 1930. Alikuwa dereva wa kweli, hatumnyimi. Lakini wanaofanya kazi chini ya PDG wanajua jambo hili: mwenye avansi ndiye mwenye neno la mwisho.

Birkin na kompreseri

Kati ya madereva wa Bentley kulikuwa na mmoja mfupi, mwenye kitambaa cha madoadoa shingoni, jina lake Tim Birkin. Familia yake ilitajirika kwa kutengeneza lesi huko Nottingham. Yeye aliona magari ya Kijerumani na ya Kiitaliano yanazidi kuwa makali, na mengi yalikuwa na kompreseri. Akataka Bentley ya lita nne na nusu iwekewe kompreseri vilevile.

Moteri inakula vitu viwili: mafuta na hewa. Mafuta ni rahisi kuyaongeza. Hewa ndiyo ngumu, juu moteri inaivuta yenyewe kwa pumzi yake tu. Kompreseri ni mashine inayoisukumia hewa kwa nguvu, ili kila silinda ijae kupita kawaida. Hewa ikizidi, mafuta yanaweza kuzidi, na mlipuko unakuwa mkubwa. Aina aliyoitaka Birkin ilikuwa na vinu viwili vinavyozunguka kwa kukumbatiana. Wazo hilo lilitoka kwa ndugu wawili wa Marekani, wenye jina la Roots, waliopata hati yake mwaka wa 1860. Kabla ya kuingia kwenye magari ya mashindano, mashine zao zilipuliza moto wa kuyeyusha chuma na kushusha hewa kwenye mashimo ya migodi. Ndiyo, mchimbaji alikuwa wa kwanza kuvuta hewa ya kompreseri hiyo.

W.O. alikataa. Hakusema kompreseri haitoi nguvu. Alijua inatoa: moteri ya kawaida ya lita nne na nusu ilikuwa na farasi 110, na ikiwekewa kompreseri ilifika 175, na ile ya mashindano 240. Shida yake ilikuwa upande wa pili wa hesabu. Hewa ikibanwa inapata moto, kama vile pompe ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Moteri iliyopangwa kwa mlipuko fulani inapewa mlipuko mkubwa zaidi, kwa hiyo shafti lazima iongezwe unene, na vipande vingi vibadilishwe. Mafuta yanakwisha upesi sana. Uzito unaongezeka mbele kabisa, juu kompreseri ilifungwa nje, mbele ya radiatori. Na mashindano ya saa 24 hayatafuti farasi tu, yanatafuta asubuhi. Kwa W.O., ukitaka nguvu na uhakika pamoja, tengeneza moteri kubwa zaidi inayopumua yenyewe bila kulazimishwa. Ndivyo alivyofanya na Speed Six yake ya lita sita na nusu.

Birkin alimzunguka. Alikwenda kwa Barnato, Barnato akakubali. Fundi Amherst Villiers akatengeneza kompreseri. Feza ya timu ikatoka kwa mwanamke tajiri, Dorothy Paget, baada ya ile ya Birkin kuanza kukauka. Sheria ya Le Mans ilidai magari 50 ya namna hiyo yatengenezwe kwa wateja, na kampuni yenye madeni ikalazimika kuyatengeneza. Bei ya shasi ilipanda kutoka pauni 1,050 mpaka pauni 1,475.

Usiku wa 1930

Mwezi wa sita 1930 hesabu hizo mbili zilikutana barabarani. Ujerumani ilileta Mercedes moja kubwa yenye kompreseri ya lita saba, dereva Rudolf Caracciola. Birkin aliingia na Bentley zenye kompreseri za Dorothy Paget. W.O. alileta Speed Six.

Birkin alimkimbiza Mjerumani toka mwanzo. Mpira wa pine lake ulianza kuchanika, hakupunguza. Akampita Caracciola magurudumu mawili yakiwa kwenye majani. Watu walipiga kelele, na picha ya dakika ile ndiyo inayouza jina Bentley mpaka leo. Caracciola naye alilazimika kukanyaga na kuendelea kukanyaga. Usiku ukiwa mzito, umeme wa Mercedes ulikatika na gari likasimama. Lakini Bentley zote mbili zenye kompreseri nazo zilikufa kabla ya mwisho. Asubuhi ilipofika, waliokuwa bado wanatembea ni Speed Six. Barnato na Glen Kidston wakashika nafasi ya kwanza, wenzao nafasi ya pili.

Tuwe wa haki kwa Birkin. Bila yeye kumchosha Mercedes, labda Speed Six zisingepata usiku mtulivu. Na mwezi wa tisa mwaka huo, kule Pau, Ufaransa, alichukua gari lile zito la kompreseri, akaliondolea taa na vifuniko vya matope, akashindana na Bugatti ndogo na nyepesi, akatoka wa pili. Wengi waliotazama hawakuamini. Hata hivyo, Bentley ya kompreseri haikushinda shindano kubwa hata moja.

Birkin hakuzeeka. Mwezi wa tano 1933, kwenye mashindano ya Tripoli, alichomwa mkono na eshapema ya moto. Kidonda kilionekana kidogo. Wiki chache baadaye alikuwa mahututi. Wengine walisema sumu iliingia ndani ya damu, wengine walisema malaria aliyoipata zamani vitani ilirudi. Alikufa tarehe 22 Juni 1933, na miaka 36, feza ya familia ikiwa imekwisha. Sisi wa nyumba za wachimbaji tumezika watu waliosema kidonda ni kidogo.

Jina linauzwa

W.O. aliishi, lakini alipoteza kitu kingine. Mwisho wa mwaka wa 1929 masoko ya Marekani yalianguka, na umaskini ukaenea dunia nzima. Watu waliacha kununua magari ya bei kali. Mwaka wa 1931 waliokopesha kampuni walidai feza yao. Barnato aliangalia hesabu, akafunga mfuko. Bila ile feza ya almasi, Bentley Motors haikumaliza mwaka.

Kampuni nyingine, Napier, ilikuwa karibu kuinunua na kumchukua W.O. awatengenezee magari. Dakika ya mwisho, mbele ya korti, mnunuzi asiyejulikana alitoa feza zaidi, pauni 125,000 na kitu. W.O. hakujua ni nani. Baadaye ndipo akaambiwa: ni Rolls-Royce, wale wale aliowapelekea siri ya pistoni wakati wa vita.

Walinunua kiwanda, magari, vipande, na jina. Na juu ya mkataba aliokuwa amesaini, walimnunua na yeye, sawa na mashine moja kati ya mashine. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi kwao bila kupewa moteri hata moja ya kutengeneza. Magari mapya yenye neno Bentley mbele yalitoka, na mtu aliyeitwa Bentley hakuwa na sauti ndani yake.

Mwaka wa 1935 mkataba uliisha, akaenda Lagonda. Huko alitengeneza moteri ya silinda 12 iliyosifiwa na wote waliojua, na mwaka wa 1939 magari mawili yenye moteri hiyo yalimaliza Le Mans ya tatu na ya nne. Baada ya vita vya pili alisimamia moteri nyingine ya silinda sita, lita 2.6. Lagonda ilitaka kuweka jina lake kwenye gari hilo. Rolls-Royce wakapinga kisheria, wakashinda. Mwaka wa 1947 tajiri David Brown alinunua Lagonda, na moteri ile ya W.O. ikaingia kwenye Aston Martin DB2. Hivyo mzee alitoa moyo kwa gari lingine kubwa la Uingereza, lenye jina la watu wengine.

Alikufa tarehe 13 Agosti 1971, akiwa na miaka 82. Hakuacha mtoto.

Sisi huku juu

Je, W.O. alikuwa na haki juu ya kompreseri? Kwa wakati wake, ndiyo. Kwa wakati wetu, hapana kabisa. Vyuma vimeboreka, mafuta yameboreka, na kuna radiatori ndogo ya kupoza hewa kabla haijaingia moterini. Hata Bentley za leo zina turbo, ambayo ni ndugu wa kompreseri, ila yenyewe inazungushwa na moshi wa eshapema. Na sisi wa Goma tuna sababu ya kuipenda. Hapa tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ni nyembamba. Moteri inayovuta pumzi yake yenyewe inapoteza kama sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ile yenye farasi 100 Mombasa, Himbi inabaki na kama 85, na kwenye milima ya Masisi inapungua tena. Yenye turbo inapoteza kidogo zaidi.

Lakini mpango wa matumizi aliotuachia haujazeeka. Kwanza filtri ya hewa, juu vumbi la mawe yetu ya volkeno linaiziba upesi, na moteri iliyozibwa pua haina nguvu. Halafu vidanji kwa wakati, buji, na kupima kama segma bado zinabana. Moteri inayovujisha ndani ukiiongezea hewa unaivunja tu. Halafu freni na mapine. Halafu uzito: toa kila kitu gari linachobeba bure, sawa na pistoni ya W.O. Ukimaliza hayo na feza ikibaki, ndipo umwite fundi mzungumze habari ya kuongeza msukumo wa kompreseri. Na ukiongeza, hesabu pamoja nayo mafuta, joto na shafti, juu vitakudai vyote mara moja.

Kijana wa miaka 24 aliingia ofisi ya watu wengine, akaona kipande cha chuma chepesi kinachoshikilia karatasi, akakiinua. Kilikuwa pale siku nyingi, mbele ya wenye kiwanda, na hakikumgharimu mtu yeyote kitu kukitazama.